Kifaa cha Jukwaa la Mtu Mwingine

Pitia matangazo ya vyombo vya muziki vilivyotumika, yawe ya Dar es Salaam, Nairobi au mji mwingine wowote wenye vijana wanaopiga gitaa, na utakuta maneno mawili matatu yanajirudia: halijatumika sana. Muuzaji anayataja kama sifa, na kwa mnunuzi ni sifa kweli, maana gitaa lisiloguswa halijachakaa. Lakini ndani yake mna kukiri. Mtu alitoa fedha, akaleta chombo nyumbani, akakishika majuma machache, na sasa anatafuta wa kumrudishia angalau nusu. Andy Mooney, aliyeanza kuiongoza kampuni ya Fender ya Marekani mwaka 2015, alieleza hadharani kwamba karibu asilimia 45 ya magitaa wanayouza kila mwaka huchukuliwa na wanaoanza kujifunza, na kwamba tisa katika kila kumi ya hao huacha kabla mwaka haujaisha. Mwaka 2017 Fender wakazindua Fender Play, mafunzo ya kulipia mtandaoni. Hesabu yao haikuwa ngumu: anayeendelea kupiga ndiye anayerudi dukani.

Ukiwauliza wapigaji wenyewe wanajutia nini, watakutajia majina. Pedali fulani mbovu, amplifaya fulani haina mlio, gitaa la kampuni fulani ni kuni. Majibu hayo yana ukweli kiasi, ila ukweli wake unapungua kila mwaka. Mashine zinazoongozwa na kompyuta hukata shingo ya gitaa la bei ya chini kwa usahihi ambao mafundi wa viwandani wa miaka ya 1970 wangeuonea wivu, na kifaa kibaya kabisa, kisichofaa kwa lolote, si rahisi kukipata siku hizi. Ninavyoona, kinachojutiwa zaidi ni kifaa kizuri kilichotengenezwa kumtatulia mtu mwingine tatizo lake, kwenye jukwaa lake, kwa umeme wake na hali ya hewa yake.

Wati ndizo zinazolionyesha jambo hili waziwazi. Mwaka 1962 Jim Marshall na mafundi wake walianza kutengeneza amplifaya jijini London, wakifuata muundo wa Bassman ya Fender. Miaka mitatu hivi baadaye Pete Townshend wa The Who akawa anadai nguvu zaidi, na Marshall ya wati 100 ikazaliwa. Dai lake lilikuwa na msingi. Mitambo ya kumbi za wakati ule ilibeba sauti ya mwimbaji peke yake, tena kwa taabu. Gitaa lilijitegemea. Aliyetaka kusikika hadi nyuma ya ukumbi uliojaa vijana wanaopiga mayowe alilazimika kuja na nguvu hiyo mwenyewe, na ndiyo maana picha za enzi hizo zinaonyesha ukuta wa maboksi ya spika nyuma ya mpigaji mmoja mwembamba. Leo hata kanisa la mtaani lina mikisa, na fundi mitambo huweka maiki mbele ya spika ndogo, akaipeleka sauti anakotaka. Sababu ya ule ukuta ilishaondoka zamani, lakini picha yake bado inauza.

Sikio nalo lina hesabu yake. Ukizidisha nguvu mara mbili, kutoka wati 50 hadi 100, sauti inapanda desibeli 3 tu, tofauti inayotambulika lakini isiyomshtua mtu. Ili msikilizaji ahisi sauti imekuwa kubwa mara mbili, nguvu inabidi izidi takriban mara kumi. Maana yake, kwa spika zinazolingana, amplifaya ya wati 100 inasikika kubwa mara mbili ya ile ya wati 10, basi. Tena zile za valvu zina tabia yake: ule mlio mnene wanaoutafuta watu hutoka pale zinaposukumwa karibu na ukomo. Sasa iweke hiyo ya wati 100 kwenye chumba cha kupanga, mahali ambapo jirani anasikia ukikohoa. Utaifungua kidogo mno, mlio utakuwa mwembamba, utadhani spika ina kasoro, utanunua pedali ya kuunenepesha mlio, na pedali nayo haitasaidia. Majuto mawili, chanzo kimoja. Juu ya hayo kuna uzito. Fender Twin Reverb, ya wati 85, inakaribia kilo 30, na bodaboda hazikuundwa kwa mzigo wenye mshikio mmoja juu na vioo ndani.

Umeme unastahili kuangaliwa kwa makini zaidi, kwa sababu hapa hasara haitokani na ladha. Marekani hutumia volti 120 kwa mzunguko wa hezi 60. Tanzania ni volti 230, Kenya 240, zote hezi 50. Ndugu aliyeko Houston au Minneapolis anarudi likizo, na kwa moyo wake mwema anamletea mpwa wake amplifaya nzuri iliyopatikana kwa bei ya kutupa. Wananunua adapta ya plagi, ile inayobadili miguu bapa kuwa ya pembe nne. Adapta hiyo hubadili umbo tu. Volti zinabaki zilivyo. Amplifaya inapokea karibu maradufu ya kilichotarajiwa, na kama bahati ipo, fyuzi inakatika papo hapo. Bahati inaishia hapo, maana daima yupo mtu karibu anayejua "kuunga" fyuzi kwa kipande cha waya. Safari ya pili kinachoungua ni transfoma, na transfoma ya amplifaya ya valvu ni miongoni mwa vipande vyake vya gharama kubwa kabisa.

Dawa ipo nayo si siri: transfoma ya kushusha volti, yenye uwezo unaozidi kwa nafasi mahitaji yaliyoandikwa nyuma ya chombo. Hata hapo kuna la kuangalia. Transfoma iliyokokotolewa kwa hezi 60 pekee hupata joto zaidi ikiendeshwa kwa hezi 50, hivyo chombo kilichotulia muda wote kule ng'ambo kinaweza kuchemka huku ingawa volti ziko sawa. Kabla hujatoa fedha geuza chombo, tafuta kibandiko kidogo karibu na mahali pa kuchomekea waya wa umeme, usome. Kikisema 100–240V, 50/60Hz, uko salama popote. Kikisema 120V, 60Hz, ongeza bei ya transfoma kwenye bei ya chombo, kisha ujiulize kama bado ni rahisi.

Kwenye pedali tatizo ni dogo kwa umbo tu. Pedali nyingi hufuata desturi iliyozoeleka kupitia Boss ya Japani, ambayo pedali zake ndogo zilianza kutoka mwaka 1977: volti 9, na ncha ya katikati ya plagi ikiwa hasi. Adapta za ruta, redio na spika ndogo zinazozagaa nyumbani mara nyingi zina chanya katikati. Plagi inaingia vizuri kabisa, taa haiwaki, na mwenye pedali isiyo na kinga ndani anaambiwa na fundi kwamba kimeungua kidude cha senti chache, ambacho hata hivyo lazima pedali ifunguliwe ili kukifikia. Michoro ya duara tatu iliyochapwa kwenye adapta, yenye alama za kujumlisha na kutoa, ndiyo inayosema lipi liko katikati. Wengi hatujawahi kuitazama.

Hewa ni suala la tatu, na kwa pwani yetu ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Watengenezaji wa magitaa makavu ya mbao halisi hushauri yatunzwe kwenye hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja huvuka asilimia 70 kwa muda mwingi wa mwaka. Mbao hunywa unyevu ule na kutanuka kwa kukatiza nyuzinyuzi zake; uso wa gitaa unavimba nyuma ya daraja, daraja linainuka, na nyuzi zinapanda mbali na shingo. Mwenye gitaa anaona tu kwamba vidole vinauma kuliko mwezi uliopita. Lipeleke gitaa hilohilo Dodoma wakati wa kiangazi, nalo litasinyaa, ncha za freti zitaanza kuchana kiganja, na ufa unaweza kutokea. Ongeza gari lililoegeshwa juani, ambamo gundi hulegea, na utaelewa kwa nini gitaa la thamani lililosifiwa na wapigaji wa nchi za baridi linaweza kugeuka mgonjwa wa kudumu Upanga au Nyali.

Gitaa la plaiwudi, ambalo wajuzi hulidharau, linavumilia. Tabaka zake zimegandishwa kwa kupishana, kila moja ikiizuia jirani yake isitanuke. Sauti yake ina mipaka, sikatai. Lakini historia ya gitaa katika eneo hili iliandikwa sana kwa magitaa ya aina hiyo. Gallotone, yaliyotengenezwa Afrika Kusini na kampuni ya Gallo, yalienea hata wazee wa muziki wa dansi wakawa wanaliita gitaa kavu lolote galatoni. Moja lilivuka bahari, na mwaka 1957 kijana wa Liverpool aitwaye John Lennon akalipata. Ndani ya tundu lake kulikuwa na kibandiko kinachoahidi kwamba halitapasuka. Ahadi hiyo ilikuwa ya maana kwa wateja wa nchi za joto kuliko kwa Lennon. Gitaa hilo la bei ya chini liliuzwa kwenye mnada wa Sotheby's mwaka 1999 kwa pauni 155,500, jambo ambalo halisemi chochote kuhusu mlio wake.

Nyuzi pia huliwa na chumvi ya pwani. Seti ya chuma ya kawaida inaweza kuanza kutu ndani ya majuma machache ikiwa mpigaji ana jasho kali. Tangu mwaka 1997 kampuni ya W. L. Gore imekuwa ikiuza Elixir, nyuzi zilizofunikwa utando mwembamba sana, kwa bei inayoweza kufika mara mbili ya kawaida au zaidi. Anayeishi Arusha anaweza kuziona anasa. Kwa mtu wa Malindi hesabu ni nyingine, na nadhani ni moja ya nafasi chache ambapo kununua cha ghali ni kubana matumizi.

Yapo pia majuto yanayotokana na ufundi uliozidi haja. Mfano ninaoupenda ni daraja la Floyd Rose, lililovumbuliwa na Mmarekani wa jina hilo mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wapigaji wanaotaka kuzilegeza nyuzi hadi zining'inie, kisha zirudi kwenye sauti yake kana kwamba hazikuguswa. Linafanya kazi hiyo vizuri ajabu. Nyuzi sita za kawaida za gitaa la umeme huvuta kwa nguvu ya kilo 45 hivi; nyuma ya mwili zipo springi zinazovuta upande wa pili kwa nguvu ileile, na daraja zima linaelea katikati kama mizani. Sasa uzi mmoja ukatike katikati ya ibada. Mizani inalala upande wa springi, nyuzi tano zilizobaki zote zinapanda, na hakuna hata moja iliyo sawa. Kuweka uzi mpya kunataka ufunguo wa pembe sita, kukata kichwa cha uzi, kubana kwenye taya, kutyuni, kungoja daraja litulie, kutyuni tena zote, kisha kufunga kufuli za juu na kusahihisha kwa vikazio vidogo. Kwenye nakala za bei ya chini chuma ni laini, kingo ambazo daraja linaegemea huliwa, na baada ya hapo halirudi tena sawasawa. Mpiga ridhimu wa kwaya hakuhitaji chochote katika hayo. Alilipenda gitaa kwa sababu ya rangi.

Ingawa nimetetea vya bei ya chini, wanunuzi wake nao hujuta, ila sababu iko mahali wasipotazama. Kiwanda kinachouza rahisi huokoa muda wa fundi, na kazi ya kwanza kurukwa ni marekebisho ya mwisho. Mifereji inayoshika nyuzi kule kichwani huachwa ikiwa na kina kifupi, shingo huachwa na upinde, nyuzi zinasimama juu. Anayeanza hubonyeza kwa nguvu zote, sauti inatoka kavu, vidole vinachubuka, naye anahitimisha kwamba hana kipaji. Nashuku wengi miongoni mwa wale tisa katika kumi wa Mooney walishindwa na milimita moja au mbili za nafasi.

Dukani Kariakoo au Luthuli Avenue utaambiwa, "Kaka, hii orijino, mzigo umetoka Dubai juzi tu." Itikia kwa adabu, kisha lichukue gitaa ulishike kama anayelenga shabaha, jicho likipita kwenye ukingo wa shingo kutoka kichwani hadi tumboni, mkunjo au msokoto wa shingo utauona bila kipimo. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na kwenye ya mwisho kwa pamoja, utazame katikati: panatakiwa upenyo mwembamba wa kupitisha kadi, si kidole. Njoo kwenye freti ya 12. Kutoka juu ya freti hadi chini ya uzi, gitaa kavu lililorekebishwa huwa na milimita 2 hadi 2.5 hivi, likiwa na 4 ni la kumtesa mtoto. Hapohapo gusa uzi kwa wepesi bila kuubonyeza, upige, itoke ile sauti ya kengele, kisha ubonyeze kabisa na kuupiga tena. Sauti mbili hizo lazima zifanane. Zikitofautiana, gitaa litakubaliana na wenzake likipigwa kichwani na kugombana nao likipanda, na mpiga solo wa dansi, tunavyojua, anaishi huko juu. Kwenye gitaa la umeme kasoro hiyo huondolewa kwa bisibisi. Kwenye gitaa kavu ni kazi kubwa zaidi, pengine isiyolipa.

Magitaa bandia sitayakalia sana. Mwanzoni mwa mwaka 2025 idara ya forodha ya Marekani ilitangaza kukamata zaidi ya magitaa 3,000 yenye jina la Gibson, yaliyotoka Asia kupitia bandari za Los Angeles na Long Beach. Kama yangekuwa halisi thamani yake ingezidi dola milioni 18. Ikiwa mzigo wa namna hiyo unafika kwenye bandari inayochunguzwa vile, kwingine usitegemee miujiza. Dalili moja ya haraka: kifuniko kidogo kilicho kichwani mwa Gibson halisi kwa kawaida hushikwa na skrubu mbili, na bandia nyingi zina tatu. Jambo linalonishangaza ni kwamba baadhi ya bandia hupigika vizuri tu. Aliyelipa bei ya bandia akijua ni bandia hana cha kujutia hadi siku ya kuliuza.

Makampuni nayo hujuta. Kwa toleo la mwaka 2015 Gibson waliweka mashine ya kutyuni yenyewe, yenye mota kichwani, karibu kwenye magitaa yao yote ya umeme, wakapanua shingo, wakaweka kipande cha shaba pale nyuzi zinapopita kuingia kichwani, na wakapandisha bei. Waliounda walikuwa na jibu la kweli kwa swali la kweli: kutyuni kunawasumbua watu. Ila aliyekwenda kununua Les Paul hakuwa na swali hilo. Alitaka kitu kilichokaa vilevile tangu miaka ya 1950. Maduka yalibaki na mzigo, na toleo la 2016 likarudisha vifunguo vya kawaida. Mwaka 2018 kampuni iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai, ingawa kilichoielemea zaidi kilikuwa biashara ya vifaa vya sauti vya nyumbani iliyoinunua kwa mkopo, si magitaa. Mwaka uliofuata video ikasambaa ikionyesha mtambo wa minyororo ukisaga mamia ya magitaa ya Firebird X, toleo jingine lililojazwa elektroniki ambazo hakuna aliyeziomba.

Elektroniki zinazeeka kwa namna yake, na hapa mnunuzi wa kawaida hujidanganya. Kifaa cha kuiga milio ya amplifaya, kama POD ya Line 6 iliyotoka mwaka 1998, hufuata njia ya simu ya mkononi: kila baada ya miaka michache kipo kipya kinachokishinda, na bei ya cha zamani inashuka. Sisemi kisinunuliwe, kwa chumba cha kupanga ndicho kinachofaa kuliko chochote, kwa sababu kina tundu la hedifoni. Kinachopaswa kukubaliwa mapema ni kwamba fedha ile imetumika, haikuwekwa akiba.

Upande wa pili wa hadithi ni majuto ya kuuza, ambayo wapigaji huyasimulia kwa uchungu zaidi. Gibson walitengeneza Les Paul za rangi ya machweo kati ya 1958 na 1960, zikiwa kama 1,500 hivi, zikauzwa kwa shida, wakaziacha. Mwaka 1966 ikatoka albamu ya John Mayall ambamo Eric Clapton alipiga gitaa la aina hiyo kupitia Marshall, na soko likageuka. Leo moja huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Je, aliyeliuza lake mwaka 1963 alikosea? Mimi nasema hapana. Aliuza gitaa lisilotakiwa kwa bei ya gitaa lisilotakiwa. Anachokililia ni bei iliyokuja baadaye, na bei hiyo haikuwahi kuwa ndani ya gitaa alilokuwa nalo mkononi.

Pedali ya Klon Centaur inafanana na hayo. Bill Finnegan aliziunda Marekani kwa mkono, karibu 8,000, kuanzia mwaka 1994, akiziuza dola mia tatu na kitu. Alipoacha, bei za mitumba zikapaa hadi maelfu, na uji mgumu aliomwagia ndani kuficha saketi ukawa sehemu ya hekaya. Saketi ilishachambuliwa, nakala zake zipo kwa bei ya chakula cha familia, Finnegan mwenyewe ametoa toleo jipya, na wanaolipa maelfu wanaendelea kulipa. Nao hawanunui tena kifaa cha kufanyia kazi. Martin D-18E ni kisa cha kuchekesha zaidi: mwaka 1959 kampuni ya Martin ilijaribu kufunga pikapu za umeme kwenye gitaa kavu, ikatengeneza kama 300, wapigaji wakayakataa. Kurt Cobain alipiga moja kwenye onyesho la MTV la Novemba 1993, na mwaka 2020 gitaa hilohilo likauzwa mnadani kwa dola milioni 6.01, rekodi ya wakati huo. David Gilmour, kwa upande wake, aliuza Stratocaster yake nyeusi mwaka 2019 kwa dola milioni 3.975, fedha zikaenda kwenye shirika la mazingira.

Kwetu majuto ya namna hii yana umri mdogo, na sababu yake ni muundo wa muziki wenyewe. Katika enzi kubwa ya dansi Tanzania, mwanamuziki hakuwa na vyombo. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya umoja wa vijana, Polisi Jazz ya polisi, Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam. Mwenye vyombo ndiye aliyekuwa mwenye bendi. Hugo Kisima alipoiunda International Orchestra Safari Sound mwaka 1985, wanamuziki waliotoka Mlimani Park walikuja na vidole na sauti zao, magitaa waliyakuta. Mfumo huo ulikuwa na ukandamizaji wake, na wengi walizeeka bila kumiliki hata kebo. Lakini ulitoa nafasi ambayo kijana wa leo hana: mtu alipiga miaka kadhaa kwenye chombo cha mwajiri, akajua shingo gani inamfaa na mlio gani anautaka, kabla ya kutoa shilingi yake mwenyewe. Siku hizi kununua kunatangulia kujifunza, na anayemshauri mnunuzi ni video iliyorekodiwa Nashville na mtu aliyepewa kifaa bure.

Ushauri wa kule una sharti lililofichika. Mmarekani akiambiwa anunue ajaribu, anajua duka litampa majuma kadhaa ya kurudisha na kupewa fedha yake. Anayeagiza kutoka Morogoro au Kisumu analipa usafiri, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18 Tanzania na 16 Kenya, na kurudisha kunagharimu kuliko kubaki nacho. Kwake jaribio lazima lije kabla ya malipo. Nafasi ya kulifanya ipo karibu kuliko anavyofikiri: kanisa lina amplifaya, bendi ya hoteli ina mbili, mwalimu wa gitaa ana magitaa ya wanafunzi, na studio ya mtaani hukodishwa kwa saa ikiwa na vyombo ndani. Saa moja ya studio haifiki hata bei ya pedali ya kawaida. Aende na mwenzake mwenye masikio, wazime taa au ageuze mgongo, asikilize amplifaya tatu bila kujua ipi ni ipi, kisha aombe zipunguzwe hadi kiwango ambacho mama mwenye nyumba wake angekiruhusu saa nne usiku, na asikilize tena.